Kura ya Mwambao: Ngumbo na Uchaguzi katika Ziwa Nyasa

Watu wengi huzisoma hesabu za uchaguzi kama wanavyosoma hesabu za mavuno. Wakiona kwamba mahali fulani chama kimoja kimepata kura 96 au 98 katika kila mia, husema kwamba watu wa mahali pale wana moyo mmoja, na kwamba hapana la kuchunguza zaidi. Hukumu hiyo ni ya haraka. Hesabu ya kura hueleza ni wangapi waliojibu. Haielezi waliulizwa nini. Na katika siasa, kama katika mahakama, thamani ya jibu hutegemea sana namna swali lilivyoulizwa.

Nchi ndogo ya Ngumbo, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, yafaa kuwa mfano wa jambo hilo. Mwambao huu umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa shamba la chama kinachotawala: kwanza TANU, kisha Chama cha Mapinduzi. Walakini ni mwambao huo huo uliomzaa katibu mkuu wa kwanza wa TANU, Oscar Kambona, ambaye baadaye aligeuka kuwa mpinzani mkubwa wa siasa za chama alichokijenga. Mtu atakayetaka kuelewa jinsi mambo haya mawili yalivyokaa pamoja hana budi kufuata historia ya karatasi ya kura yenyewe: nani aliruhusiwa kuishika, na ndani yake palikuwa na nafasi ya kusema nini.

Ngumbo iko kaskazini ya Liuli, katika ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa baina ya maji na milima. Wenyeji wa mwambao huu, Wampoto na Wanyasa, ni wavuvi wa usipa na mbasa, na wakulima wa muhogo. Nyuma yao, huko juu milimani, Wamatengo hulima kahawa na kuihifadhi ardhi yao kwa mashimo ya ngoro; na mbele zaidi, upande wa Songea, Wangoni walilima tumbaku na kuiuza kwa chama chao cha ushirika, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936. Tofauti hiyo ya mazao ina maana katika historia ya siasa. Penye zao la biashara palikuwa na chama cha ushirika, na penye chama cha ushirika watu walijifunza mapema kuchagua viongozi, kukagua hesabu na kubishana na Serikali juu ya bei. Ndivyo ilivyokuwa Kilimanjaro kwa kahawa na Usukuma kwa pamba. Samaki hawakuleta chombo cha namna hiyo. Usipa ulianikwa juani, ukaliwa nyumbani au ukapandishwa milimani kubadilishwa kwa nafaka.

Kwa hiyo siasa iliingia mwambaoni kwa milango mingine. Mlango mmoja ulikuwa shule. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikwisha fanya makao katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885, na kutoka kisiwani walivuka kwa meli zao kuja kufungua shule na makanisa upande huu wa ziwa. Liuli ikawa kituo kikubwa chenye hospitali na shule. Wabenedikto nao walishika nchi ya bara, tangu Peramiho hadi Umatengo, na kazi yao ikafika ziwani. Mlango wa pili ulikuwa safari ya kazi. Vijana wa wilaya ya Songea walikwenda kukata mkonge Tanga, na wengine walifika migodi ya Rhodesia na ya Afrika Kusini. Walirudi na nguo na baiskeli, lakini walirudi pia na habari za vyama vya wafanyakazi, za migomo, na za ubaguzi walioonja kwa ngozi zao wenyewe.

Kutoka mlango wa kwanza ndiko alikotoka Kambona. Alizaliwa katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, katika nyumba ya kasisi. Baba yake, David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa la Kianglikana la Tanganyika. Mtoto alisoma Liuli, akaenda Dodoma, kisha Tabora, na mwisho akawa mwalimu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa na jina na madai, lakini haikuwa na watu wa kutosha wa kuzunguka nchi. Kambona aliacha kazi ya ualimu akawa katibu mwenezi wake. Kazi aliyoifanya ya kuandikisha wanachama na kukusanya ada ndiyo iliyokifanya chama kiwe na mwili. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa maana tangu mwaka 1953 Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Mtu mwenye elimu alilazimika kuchagua baina ya mshahara na chama.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Swali lililoulizwa safari hiyo lilikuwa la ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyewachagua wote watatu kura yake iliharibika. Tena haikuwa kila mtu aliyeulizwa. Ilimpasa mpiga kura awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na awe ama amesoma hadi darasa la nane, ama ana pato la pauni 150 kwa mwaka, ama ameshika cheo kilichokubaliwa na sheria. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, nayo ni sawa na shilingi 250 kwa mwezi, fedha ambazo mkata mkonge hakuziota, sembuse mvuvi wa mtumbwi. Ndani ya TANU kwenyewe wengi walitaka kuususia uchaguzi huo, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipokubali shauri la Mwalimu Nyerere kwamba chama kiingie. Waliobaki wakikataa walimfuata Zuberi Mtemvu, aliyeanzisha chama cha African National Congress.

Fikiri sasa maana ya masharti hayo katika mahali kama Ngumbo. Wenye haki ya kura walikuwa mwalimu, kasisi, mganga wa zahanati, karani, na mtu mmoja mmoja mwenye cheo cha kijadi. Wavuvi na wakulima walio wengi hawakuwamo, na wanawake karibu wote hawakuwamo. Lakini wale wachache waliosoma walikuwa watoto, wapwa na wajomba wa wale wasioandikishwa. Kura ya mwalimu ilikuwa kura ya ukoo mzima, na kila mtu alijua inakwenda wapi. Hapa ndipo ulipowekwa msingi wa desturi iliyodumu: kura kufikiriwa kuwa jambo la pamoja, neno linalosemwa na jamaa kwa kinywa kimoja mbele ya Serikali ya mbali.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa. TANU ilipata viti 70 katika viti 71 vya kuchaguliwa. Lakini katika viti hivyo, 58 vilipatikana bila kupingwa; maana yake ni kwamba wapiga kura wengi wa Tanganyika waliingia katika Serikali ya Madaraka bila kupiga kura. Novemba 1962, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, watu waliulizwa kwa mara ya kwanza wachague Rais. Walisimama wawili, Nyerere na Mtemvu. Nyerere alipata zaidi ya kura milioni moja, Mtemvu elfu 21 na kidogo. Hiyo ilikuwa zaidi ya 98 kwa mia kwa mshindi. Ushindi huo ulikuwa mkubwa mno, lakini swali lilikuwa swali kamili: majina mawili, vyama viwili, mawazo mawili juu ya namna ya kuongoza nchi mpya. Aliyetaka kukataa alikuwa na mtu wa kumpa kura yake.

Mwaka 1965 swali likabadilika tena. Katiba ya muda ya mwaka huo iliifanya Tanganyika, ambayo sasa ilikuwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano, kuwa nchi ya chama kimoja. Kwa Rais, mpiga kura aliulizwa kumkubali au kumkataa mtu mmoja tu. Waliomkubali walikuwa zaidi ya 96 kwa mia. Kwa wabunge, mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, na Halmashauri Kuu ikawateua wawili, ambao waliwekwa mbele ya wananchi. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma asikosee. Wagombea walisafiri pamoja, wakahutubia mikutano ile ile, wakitumia Kiswahili peke yake. Tena walikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi.

Wako waliokudharau kuchagua huko, wakisema ni kuchagua kati ya mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja. Matokeo hayakuwaunga mkono. Mawaziri walianguka, na miongoni mwao Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeshindwa kwao Mwanza. Wabunge kadhaa waliokuwa wamekaa Dar es Salaam wakawasahau watu waliowatuma walirudishwa nyumbani. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro, na Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam. Mpiga kura wa kijijini aligundua jambo la thamani kubwa: hawezi kukigusa chama, lakini anaweza kumgusa mtu. Tangu hapo, mahali pengi pa Tanzania, na mwambao wa Nyasa ukiwamo, siasa za kweli zilihama kutoka swali la chama gani zikaingia katika swali la nani. Anatoka upande gani wa jimbo? Amesaidia shule ipi? Aonekana wakati wa msiba, au aonekana wakati wa kura tu? Huo ni ushindani kamili, na hauonekani kabisa katika hesabu ya 96 kwa mia.

Jaribio kubwa la mwambao lilikuja mwaka 1967. Kambona alikuwa amekwisha shika wizara za Elimu, Mambo ya Ndani na Mambo ya Nchi za Nje. Katika maasi ya askari ya Januari 1964 ndiye aliyekwenda kusema nao. Tena alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, hakuafikiana na Rais. Juni mwaka huo alijiuzulu, na muda mfupi baadaye alikwenda London, akakaa uhamishoni miaka 25. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU ilimfukuza yeye na wanachama wengine kadhaa, wengi wao wabunge. Na kwa katiba ile, aliyepoteza uanachama alipoteza kiti. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika kesi ya uhaini iliyosikilizwa mwaka 1970 na kuhukumiwa 1971, upande wa mashtaka ulimtaja yeye, aliyekuwa ng'ambo, kuwa mkuu wa njama.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Ingetazamiwa basi kwamba mwambao ungeonyesha uchungu wake katika sanduku la kura. Lakini ingeonyeshwaje? Aliyehuzunika mwaka 1970 alikuta katika karatasi jina la Rais mmoja, na wabunge wawili wa chama kile kile. Kumkataa Rais kulikuwa kuwakataa pia watu waliokuwa wamekwisha leta uhuru. Na kumchagua jembe badala ya nyumba hakukusema lolote juu ya Kambona. Karatasi haikuwa na nafasi ya neno hilo. Tena ndani ya vijiji mambo yote yalikuwa mikononi mwa chama. Balozi wa nyumba kumi alijua nani amehudhuria mkutano na nani amekaa nyumbani. Baada ya kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1974 na sheria ya vijiji ya mwaka 1975, mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Hatima ya watu walioendesha ujamaa wao wenyewe katika mkoa huo huo ilikuwa imekwisha onekana: chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga na kuwa na vijiji 17, kilivunjwa na TANU Septemba 1969, ingawa kilikuwa kikitenda yale yale ambayo Azimio liliyasifu.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kusema kwamba hofu ndiyo iliyofanya kazi yote. Mwambao ulikuwa na sababu yake ya pekee ya kushikamana na Serikali, nayo ni mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890 yaliuweka mpaka ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki; yaani kwa karatasi hiyo, mvuvi wa Ngumbo aliyesukuma mtumbwi wake alikuwa akiingia nchi ya watu wengine kabla maji hayajafika magotini. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Kambona, Nyerere alitangaza kwamba Tanzania inautambua mpaka wa katikati ya ziwa, na Rais Banda wa Malawi akalikataa tangazo hilo. Upande wa kusini, vita vya FRELIMO na Wareno vilikuwa vimewaka tangu mwaka 1964, na wakimbizi walikuwa wakivuka kuingia Ruvuma. Watu walioishi baina ya ziwa lenye ugomvi na mpaka wenye vita walihitaji dola iseme kwa niaba yao. Kupiga kura kulikuwa njia mojawapo ya kuhesabiwa kuwa Watanzania. Kwa hiyo kura ile ile moja yaweza kuwa na hofu ndani yake, na shukrani, na haja ya ulinzi. Na mhesabu kura hana chombo cha kuvitenga.

Mfumo wa chama kimoja ulipofikia mwisho, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza maoni. Ilipotoa taarifa yake mwanzoni mwa mwaka 1992 ilionekana kwamba karibu watu 80 katika kila mia walitaka kubaki na chama kimoja, na 20 walitaka vyama vingi. Tume ikashauri hao wachache wasikilizwe. Julai 1992 sheria ikabadilishwa. Septemba mwaka huo Kambona akarudi nyumbani, akasimama na chama cha TADEA. Na katika mwaka huo huo, mtu mwingine wa ziwa hilo hilo, Kapteni John Komba wa Lituhi, aliongoza kundi la Tanzania One Theatre, lililoanzishwa ili kukiimbia Chama cha Mapinduzi. Mwambao mmoja ulikuwa umetoa sauti mbili, moja ya kupinga na moja ya kusifu.

Ilisikika moja tu. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, TADEA haikuwa na mgombea wa urais wala haikupata kiti cha jimbo hata kimoja katika nchi nzima. Benjamin Mkapa wa CCM, naye mtu wa kusini, kutoka Masasi, alishinda kwa karibu 62 kwa mia. Augustine Mrema alipata karibu 28. Kambona alifariki London mwaka 1997. Wengine hueleza kushindwa huko kwa kusema kwamba watu wa kwao walikwisha msahau. Maelezo ya karibu zaidi yako katika mambo ya kawaida ya siasa. Chama hujengwa na matawi, na matawi hujengwa na watu wanaokaa. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati Kambona alipoondoka alikuwa na miaka 45 aliporudi. Katika muda huo CCM ilikuwa na balozi katika kila nyumba kumi, na mtu aliyepata shida ya njaa, ya ugonjwa au ya mashamba alikwenda kwa balozi huyo. Kambona alirudi na jina. CCM ilikuwa na mlango wa kubishwa. Jambo la ajabu ni kwamba elimu ya kwenda mlango hadi mlango, iliyokifanya chama kile kisishindike, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokifundisha.

Komba alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi mwaka 2005, akachaguliwa tena 2010, na alikuwa bado mbunge alipofariki tarehe 28 Februari 2015. Wilaya ya Nyasa ilikuwa imekatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mwaka ambao sensa ilihesabu ndani yake watu 146,160. Oktoba 2015 Mhandisi Stella Manyanya wa CCM alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Nyasa, akarudi tena 2020. Katika miaka hiyo maneno ya uchaguzi mwambaoni yalikuwa ya barabara, meli, umeme na zahanati. Kwa vizazi vingi mwenye mgonjwa au gunia la usipa alitegemea meli iliyopita kwa zamu, au njia ya mlimani iliyokatika masika. Barabara ya lami ya karibu kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, na meli ya MV Mbeya II ilianza safari mwaka 2021. Msomi wa mjini huweza kuicheka kura inayotolewa kwa ajili ya barabara, akiiona kuwa kura isiyo na fikra. Lakini mama mjamzito wa Ngumbo anayo fikra kamili juu ya barabara. Kosa, kama lipo, ni la utaratibu unaomfanya aamini kwamba barabara ni zawadi ya chama, ilhali ni kodi yake mwenyewe iliyorudi ikiwa imechelewa.

Pamoja na hayo, ushindani wa mtu na mtu haukufa. Ulihamia katika kura za maoni ndani ya CCM, ambamo wanachama huwachuja wanaotaka kugombea. Katika majimbo yasiyo na upinzani wenye nguvu, hiyo ndiyo siku ya uchaguzi wa kweli, na ile ya Oktoba huwa ni sherehe ya kuutangaza. Mapokeo ya jembe na nyumba yaliendelea kuishi bila alama zake. Tofauti moja kubwa imo: mwaka 1965 wananchi wote, mwenye kadi na asiye na kadi, waliwaamua wale wawili, katika kura za maoni huamua wanachama, na vikao vya juu vina haki ya kulipindua neno lao. Mlango uliokuwa wa kijiji chote umekuwa wa chama.

Pengine ndiyo maana watu wengine waliacha kuuingia. Mwaka 2010, katika watu wapatao milioni 20 walioandikishwa nchini, hawakufika 43 kwa mia waliopiga kura. Miaka mitano kabla yake walikuwa 72 kwa mia. Hawakuhamia chama kingine, walikaa nyumbani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 2015, palipokuwa na ushindani mkali baina ya John Magufuli na Edward Lowassa, kura zikagawanyika 58 kwa karibu 40, na watu wakarudi vituoni kwa wingi. Somo ni jepesi: watu hujibu kwa bidii pale wanapoona kwamba swali ni la kweli.

Baada ya hapo swali lilianza kufupishwa tena. Katika uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya 99 kwa mia ya viti. Tarehe 9 Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alihutubia mkutano katika mji wa Mbinga, safari fupi ya gari kutoka ziwani, akidai sheria za uchaguzi zibadilishwe kabla watu hawajaitwa kupiga kura. Alikamatwa siku hiyo hiyo, na kesho yake alifunguliwa mashtaka ya uhaini Dar es Salaam. Siku chache baadaye chama chake kilizuiwa kushiriki katika uchaguzi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025 katikati ya maandamano na umwagaji wa damu mijini, na mshindi alitangazwa kwa zaidi ya 97 kwa mia.

Msomaji aziweke sasa hesabu hizi pamoja: zaidi ya 98 mwaka 1962, zaidi ya 96 mwaka 1965, zaidi ya 97 mwaka 2025. Kwa macho zafanana kama mayai ya kuku mmoja. Lakini ya kwanza ilitolewa na watu waliokuwa na mtu mwingine wa kumchagua na hawakumtaka. Ya pili ilitolewa na watu waliopewa Rais mmoja, ila wakapewa pia uwezo wa kumwangusha waziri. Ya tatu ilitangazwa wakati ambapo mshindani mkuu alikuwa gerezani na chama chake nje ya karatasi. Anayezijumlisha na kusema kwamba Watanzania, au watu wa mwambao wa Nyasa, ni watu wa tabia ya kukubali, amejumlisha vitu visivyojumlika.

Historia ya Ngumbo na majirani zake haionyeshi watu wasio na siasa. Inaonyesha watu waliopima kila mara walichopewa kupima. Walipopewa nafasi ya kuikataa Serikali ya kikoloni kwa kura ya mwalimu mmoja, waliitumia. Walipopewa jembe na nyumba, walichambua tabia za watu. Walipopewa barabara kuwa bei ya kura, waliidai barabara. La mtoto wao aliyekwenda London hawakuulizwa wakati lilipokuwa la moto. Walipoulizwa, lilikuwa limekwisha poa. Dola inayotaka kujua yaliyomo mioyoni mwa watu wake haina njia nyingine ila kuweka katika karatasi yale mambo ambayo watu wanayajadili jioni wanaposhona nyavu. Mpaka itakapofanya hivyo, itaendelea kupata majibu makubwa kwa maswali madogo.